Asali Juu ya Mafiga

"Akiapa kwa mbingu, mpeleke jikoni."

Wajukuu wa Bibi Tusekile walirudi na methali hiyo kutoka mnadani. Mchuuzi wa vitenge alikuwa ameapa kwa mbingu na ardhi kwamba rangi ya vitambaa vyake haichuji hata ukivichemsha. Mama mmoja akamtupia maneno hayo, na wanawake wote wakaangua kicheko. Mchuuzi mwenyewe alicheka, akashusha bei. Atupele na kaka yake Lugano nao walicheka kwa kuwa kila mtu alicheka, lakini njiani wakaanza kuulizana: jikoni kuna nini?

Walimkuta bibi yao akichagua mchele kwenye ungo. Walipomuuliza, hakuinua macho.

"Jikoni kuna mashahidi watatu," alisema. "Kaeni chini, na wewe Lugano usikanyage pumba. Maneno haya yametoka mbali, nchi ya Vietnam. Mimi niliyapata kwa mama mmoja wa huko aliyekuja hapa Kyela kutufundisha kupanda mpunga kwa mistari. Tukipumzika mchana alikuwa akitusimulia, Kiswahili chake cha kuokoteza, mikono ikimsaidia. Nami nawapa kama nilivyopewa. Palipokuwa na matundu nimeziba mwenyewe. Methali hii ilianza hivi."

Palikuwa na kijiji cha wapika mikate ya mchele. Mikate yao ilikuwa myembamba kiasi kwamba ukiinua mmoja mbele ya uso unaliona jua upande wa pili. Katika kijiji hicho aliishi msichana aitwaye Thoa, aliyelelewa na shangazi yake, Sen.

Thoa alikuwa na haya. Akiingia mgeni uani, yeye huinamia kazi yake kana kwamba unga umemwita. Na kazi yenyewe ilikuwa ya jikoni kutwa. Chungu cha maji kinachemka, kitambaa kimekazwa kwenye mdomo wa chungu, uji wa mchele unatandazwa juu ya kitambaa kwa mgongo wa upawa. Unafunika, unahesabu pumzi chache, unafunua. Mkate unainuliwa kwa kijiti na kwenda kulazwa kwenye chanja uani ili ukauke. Kwa kazi hiyo Thoa aliyajua mafiga ya shangazi yake kuliko alivyowajua majirani.

Tena mafiga ya huko, ambayo hufinyangwa kwa udongo, si mafiga tu. Watu wa nchi ile wana imani yao, kwamba mafiga matatu ni watu watatu, wanaume wawili na mwanamke mmoja katikati, na wote pamoja huitwa Mzee wa Jiko. Mzee huyo hana kazi nyingine ila kukaa, kula moshi na kusikiliza. Zikibaki siku saba kufika mwaka mpya, anapanda mgongo wa samaki mwekundu wa bwawani, anakwenda mbinguni kutoa habari za kila nyumba: nani alimnyima mama yake chakula, nani alimsengenya mkwewe, nani alidanganya. Habari zikiwa mbaya, nyumba hiyo mwaka wake huwa mbaya. Kwa hiyo siku ya safari kila nyumba huweka samaki hai kwenye beseni mbele ya jiko, na chakula kizuri, na wengine huongeza kitu kitamu ili Mzee afike kule na utamu mdomoni. Kisha samaki anapelekwa bwawani kuachiliwa. Kwa siku saba jiko linabaki bila mwenyewe, mpaka Mzee atakaporudi usiku wa mwaka mpya.

Mwaka huo Thoa alikuwa na jambo zito. Familia moja ya wafinyanzi, wa kijiji cha jirani, ilikuwa imetuma mshenga kumposea kijana wao, Tuyen. Walisema watakuja wenyewe na tambuu na popoo siku moja baada ya Mzee wa Jiko kuondoka. Huko kwao, tambuu likipokelewa, neno limekwisha. Likikataliwa, mlango huo haugongwi tena. Shangazi Sen hakumsukuma.

"Wewe ndiye utakayekaa naye," alisema. "Mimi nitatafuna tambuu tu."

Tatizo ni kwamba Thoa alikwisha kuapiwa na mtu mwingine.

Mtu huyo aliitwa Khiem, mchuuzi wa asali ya miwa. Alipita vijijini na mzega begani, mtungi mbele, mtungi nyuma, akitembea kwa madaha kama vile mitungi ndiyo iliyombeba yeye. Alikuwa mtu wa kwanza kumfanya Thoa acheke mbele ya mgeni. Alimwambia kwamba mikate yake ni myembamba kwa sababu inamwonea haya mpishi. Maneno hayo hayana maana, ukiyafikiria, lakini Thoa aliyafikiria mwezi mzima.

Safari yake ya mwisho, Khiem alimkuta Thoa kando ya bwawa. Akatua mzega, akaapa. Aliapa kwa mbingu na ardhi. Aliapa kwa milima, kwamba atakuwa wake mpaka milima iporomoke. Aliapa kwa bahari, mpaka ikauke. Aliapa kwa mwezi, ingawa ilikuwa saa sita ya mchana. Mwisho akasema kama anadanganya, radi impige papo hapo.

"Wakatae hao wafinyanzi," alimwambia. "Nisubiri. Mwaka mpya ukipita, nakuja na tambuu langu."

Tangu siku hiyo Thoa alianza kuharibu mikate. Mmoja ulitoboka, mwingine ukajikunja kama sikio la mbwa. Hakuwa ameharibu mkate tangu alipokuwa na miaka kumi.

"Nani huyo anayenilia unga wangu?" Shangazi Sen aliuliza siku ya tatu.

Thoa aliinamia chungu mpaka mvuke ukamfunika uso. Ndani ya mvuke ule akasema, "Khiem wa asali. Ameniapia."

"Kwa kitu gani?"

"Kwa mbingu. Na ardhi. Milima, bahari, mwezi. Na radi."

Shangazi Sen alikuwa akikunja kidole kwa kila kimoja. Mkono mmoja ukaisha, akaanza wa pili.

"Shangazi, usimcheke."

"Simcheki, mwanangu. Nawaangalia mashahidi wake. Milima haina masikio. Bahari sidhani kama amewahi kuiona. Radi nayo naijua, mwaka juzi iliua nyati wa mjane. Na mbingu iko mbali, tena ina watu wengi wa kuwasikiliza. Mtu akiniitia shahidi wa mbali, mimi hujiuliza kwa nini amemruka wa karibu."

"Kwa hiyo ni mwongo?"

"Sijui. Na wewe hujui. Ndiyo sababu tuna jiko." Shangazi Sen alinyoosha kijiti kuelekea kwenye mafiga. "Siku ya safari ya Mzee, Khiem hakosi kupita, maana kila nyumba inataka asali. Aingie humu ndani, aseme yale yale mbele ya hawa watatu. Akisema, wafinyanzi nitawarudisha mimi mwenyewe, na lawama nitabeba mimi. Harusi nitapika."

Thoa alifurahi sana. Hakuwa na shaka yoyote. Jioni hiyo mikate ilitoka mizima yote.

Siku ikafika. Samaki mwekundu alikuwa akizunguka kwenye beseni, na moto ulikuwa umewaka tangu alfajiri kwa ajili ya mikate ya sikukuu. Khiem aliingia uani akiimba sifa za asali yake. Thoa akamweleza jambo lenyewe huku akiangalia kidole gumba cha mguu wake.

Khiem alicheka. "Mimi nimeapa kwa mbingu nzima. Jiko la kupikia uji litanishinda?"

Lakini kicheko chake kilikatika mapema kuliko kawaida. Alichungulia jikoni, akamwona samaki. Akayaona mafiga, meusi kwa masizi, yamekaa kimya.

"Leo leo?" aliuliza.

"Leo," alisema Shangazi Sen.

"Mna kazi nyingi leo. Si afadhali kesho?"

"Kesho Mzee hatakuwapo."

"Ndiyo," alisema Khiem polepole. "Na mimi nilikuwa nafikiria hilo."

Akasema basi, hakuna neno, ila aletewe kwanza maji ya kunywa, maana koo la mtu anayeapa halitakiwi kukauka. Mtungi wa maji ulikuwa mtupu, kwa hiyo Thoa alichukua ndoo akaenda kisimani. Shangazi Sen akatoka kwenda kugeuza mikate kwenye chanja. Jikoni akabaki Khiem peke yake.

Thoa aliporudi alisimama mlangoni na ndoo mkononi.

Khiem alikuwa amechuchumaa mbele ya moto. Mtungi wake wa asali ulikuwa umefunguliwa. Alikuwa akichota kwa vidole na kupaka kwenye figa la kulia, siyo tone la heshima, bali tabaka nene, kama fundi anayeziba ufa. Huku akinong'ona, "Onja, Mzee. Tamu hiyo. Ukifika huko, usiwe na haraka ya kusema. Safari ni ndefu, pumzika."

Alichosahau ni kwamba figa lilikuwa la moto. Asali ilitokota, ikatoa povu, ikaanza kulia chwaa na kufuka moshi. Khiem akaungua, akatia vidole mdomoni, kisha akahamia figa la kushoto kwa mkono mwingine. Harufu ya sukari iliyoungua ilijaa nyumba nzima ikatoka hadi uani.

"Nani anapika kashata kwangu?" Sauti ya Shangazi Sen ilisikika, na baada yake akaingia mwenyewe.

Khiem alisimama. Vidole vyake vyote vilikuwa vimegandana.

"Ni heshima tu, shangazi. Leo si siku yake?"

"Heshima huwekwa kwenye sahani. Hii umepaka mdomoni."

"Ili asafiri na utamu."

"Utamu sote tutampa. Lakini sisi tunampa baada ya kusema yetu. Wewe umeziba mdomo wake kabla hujafungua wako." Shangazi Sen aliyaangalia mafiga moja moja. "Tena umewapaka hawa wanaume wawili tu. Huyu mwanamke wa katikati bado, na kwa nijuavyo mimi, huyu ndiye mwenye maneno. Haya, apa sasa. Yeye anakusikia."

Khiem alifungua kinywa. Akakifunga. Alilitazama figa la katikati, kavu, limemkabili. Akafungua kinywa tena, na safari hii hata pumzi haikutoka.

Thoa hakuwa amewahi kumuuliza mwanamume swali maishani mwake. Alilishika lile la kwanza kama mtu anayeshika chungu cha moto.

"Kwa nini huwezi?"

Khiem akakaa kwenye kigoda. Madaha yote yalikuwa yamemwisha.

"Kwa sababu kwetu kuna jiko lingine, Thoa."

"La mama yako?"

"La mke wangu."

Samaki alijipiga kwenye beseni, maji yakaruka. Hakuna aliyeyafuta.

"Nilipomwoa," Khiem alisema, "mama mkwe alinipeleka mbele ya mafiga. Niliapa kwamba mwaka mpya hautanikuta nje ya nyumba ile. Leo miaka sita, haujanikuta. Mwaka juzi mto ulifurika, nikavuka nimekumbatia mtungi mtupu, nusura nife. Kiapo kile niliapa jikoni. Siwezi kukivunja."

"Na changu?"

"Chako niliapa nje," alisema Khiem, kwa upole, kama mtu anayeeleza jambo ambalo kila mmoja analijua.

Aliyeanza kucheka ni Shangazi Sen. Alijaribu kujizuia, akashika ukuta, akashindwa. Machozi yalikuwa karibu kumtoka Thoa. Lakini aliiangalia ile mikono miwili iliyonata, akaliangalia povu la asali linaloteremka kwenye figa kama ndevu za mzee mlafi, na kicheko kikamtoka kabla ya machozi.

"Umeapa nje mara ngapi?" aliuliza.

"Kwenye njia hii ninayouzia tu, au njia zangu zote?"

Hapo Shangazi Sen ilibidi atoke nje akapumue.

Thoa alimwambia anyooshe mikono, akammwagia maji ya kisimani juu ya vidole vilivyoungua. Moto ulipozimwa na mafiga kupoa, akampa majivu na kumbi la nazi. Khiem alisugua mafiga mpaka yakaonekana safi, akipuliza vidole kila baada ya muda. Alipomaliza, Thoa alimwinulia mzega.

"Nenda," alimwambia. "Kwenu ni mbali, na mwaka mpya umekaribia. Mkeo asije akalala na kiapo kilichovunjika."

Khiem aliondoka bila kuimba. Mtungi mmoja wa asali aliuacha mlangoni, na Shangazi Sen hakumkimbilia kumkumbusha. Mchana walimpeleka samaki bwawani, Mzee wa Jiko akaenda zake na habari zake. Mwaka huo alikuwa na za kutosha.

Siku ya pili wafinyanzi wakaja, baba, mama, mshenga na kijana mwenyewe. Waliketi ukumbini, sahani ya tambuu na popoo ikawekwa katikati, imefunikwa kitambaa chekundu. Mshenga akaanza hotuba, naye alikuwa mtu wa kuanzia mbali, kwa mababu.

Thoa alisikiliza akiwa nyuma ya pazia. Aliwaza kwamba jana alikuwa tayari kufunga mlango huu kwa ajili ya mwezi wa saa sita mchana. Leo akipokea, atapokea kwa sababu gani? Huyu Tuyen hakumwapia chochote. Hakumchekesha. Alikuwa amekaa na mikono mapajani, udongo mweupe umebaki kwenye kucha. Basi Thoa akafanya jambo ambalo wanakijiji walilisimulia baadaye kwa miaka mingi. Alitoka nyuma ya pazia, akaenda mbele ya kijana, akasema kwa sauti ndogo, "Naomba uje jikoni."

Mshenga alikwama kwenye babu wa tatu. Mama wa kijana akamtazama Shangazi Sen. Shangazi Sen akatazama dari.

Tuyen alimfuata. Jikoni hapakuwa na moto. Thoa alisimama upande mmoja wa mafiga, yeye upande wa pili.

"Apa," Thoa alisema, "kwamba huna mwingine, na kwamba utakaa."

Angeweza kuapa. Ilikuwa rahisi. Maneno yalikuwa machache, na tambuu lilikuwa linasubiri pale ukumbini. Tuyen aliyaangalia mafiga, kama Khiem alivyoyaangalia jana.

"Sina mwingine," alisema mwishowe. "Lakini nikiapa leo nitakudanganya."

"Kwa vipi?"

"Mzee hayupo. Ameondoka jana. Kuapa hapa leo ni sawa na kuapa barabarani, hakuna anayesikia. Nitakuja siku atakaporudi, niape akiwapo." Alichuchumaa, akapitisha kidole chenye udongo kwenye figa la kushoto. "Tena akirudi atakaa wapi? Hili lina ufa. Mmelifanya nini, mbona linanata?"

Thoa alifunika mdomo kwa kiganja. Kicheko kilipita katikati ya vidole.

"Nitafinyanga mengine matatu," alisema Tuyen, bado analichunguza figa, hajui kilichomchekesha. "Leo ni siku nzuri ya kuyakausha, jua lipo. Nyie mnapenda yawe mafupi au marefu?"

Thoa alirudi ukumbini, akapita mbele ya mshenga aliyekuwa sasa amefika kwa babu wa tano, akafunua kitambaa chekundu na kuinua sahani ya tambuu kwa mikono yake miwili. Ilikuwa kazi ya shangazi kuipokea, si yake. Shangazi Sen alinyoosha mkono, akachukua tambuu la kwanza, akaanza kutafuna.

"Marefu kidogo," Thoa alimwambia Tuyen, aliyekuwa amesimama mlangoni. "Nachoka kuinama."

Mafiga yalikuja baada ya siku nne, na mfinyanzi mwenyewe alikuja mwaka mpya, Mzee wa Jiko akiwa amekwisha kurudi. Aliapa maneno machache, akakosea moja, akarudia.

Habari haikukaa ndani. Shangazi Sen aliisimulia kisimani, na aliisimulia vizuri, na harufu ya kashata akaiweka mahali pake. Wasichana wakaanza kuwaambia wachumba wao wenye ndimi ndefu, "Mwezi umeniridhisha, sasa njoo jikoni." Wazee nao wakaichukua, wakaitumia kwa wachuuzi, kwa mashahidi wa mipaka ya mashamba, kwa kila aliyeanza na mbingu. Ikawa methali.

Bibi Tusekile alipepeta mchele, pumba zikaruka.

"Lakini bibi," alisema Atupele, "yule mchuuzi wa vitenge haogopi mafiga. Angeapa tu."

"Kweli, mafiga hayamhusu. Lakini jiko lake analo. Mmoja jiko lake ni kaburi la baba yake, mwingine ni Kitabu, mwingine ni kichwa cha mtoto wake. Wengine wanaogopa macho ya mama tu, basi. Ukitaka kumjua mtu anaamini nini, usimsikilize anapoapa upesi. Tafuta mahali ambapo ulimi wake unakuwa mzito."

Lugano akajikohoza, akasema, "Bibi, mimi ile sukari iliyopungua kabatini sikuigusa. Haki ya Mungu, mbingu na ardhi."

Bibi aliweka ungo chini. Akasimama, akajipangusa pumba, akamshika mkono mjukuu wake taratibu, bila hasira.

"Wapi tena, bibi?"

"Si umesikia, mume wangu? Akiapa kwa mbingu, mpeleke jikoni."